Upepo wa Pauni Nne

Mwendesha baiskeli wa Alaska anapofika mahali theluji ilipobadilika tabia, hushuka, huinama, na kulibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba kama mnunuzi anavyobonyeza embe. Hulegeza valvu, upepo ukatoka sekunde mbili, akafunga. Hubonyeza tena. La mbele nalo hupata zamu yake. Hupanda, hukanyaga mita 20, hugeuka kuitazama alama aliyoiacha, na pengine hushuka mara ya pili na pampu mkononi kwa sababu amepunguza mno. Baridi ni nyuzi 25 chini ya sifuri, na kazi hii haifanyiki ukiwa umevaa glavu nene.

Gari dogo hutembelea upepo wa pauni 30 na kitu kwa kila inchi ya mraba. Baiskeli ya mashindano ya lami ilizoea kujazwa hadi 100. Kwenye Iditarod, njia ya theluji ya huko Alaska, watu huendesha kwa pauni 6, 4, hata 3, tairi likiwa na upana wa inchi nne au tano, limefanya mikunjo ubavuni. Fundi wa mtaani kwetu akiliona angetafuta beseni la maji atazame pancha iko wapi.

Hesabu yake ni nyepesi. Uzito ukigawanywa kwa msukumo wa upepo, jibu ni eneo la mpira linalogusa chini. Mtu, baiskeli na mizigo vikifika kilo 110, matairi yenye pauni 40 yataikanyaga theluji kwa sentimita za mraba 40 hivi, yote mawili kwa jumla. Yashushe hadi pauni 4, eneo linakuwa 400. Kwa hesabu hiyo tu, theluji ambayo ingekumeza hadi ekseli inakubeba. Gharama yake ni kwamba tairi lililolegea hula nguvu za miguu, na ukilegeza kupita kiasi unakanyaga kutwa nzima bila kusogea sana. Kati ya kuzama na kuchoka kuna nafasi nyembamba, na inahama kila saa, kwa kuwa theluji ya asubuhi, ya adhuhuri na ya kivulini si kitu kimoja.

Kuna pia hila ya fizikia inayowapata wageni. Tairi lililopimwa pauni 5 ndani ya nyumba yenye joto la nyuzi 20, likitolewa kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, hubakiwa na chini ya pauni 2, kwa sababu upepo wenyewe umesinyaa. Mgeni hulaumu valvu. Mwenyeji hakuiingiza baiskeli ndani tangu mwanzo.

Njia yenyewe huanzia ziwa Knik, si mbali na Anchorage. Hupita juu ya mito iliyoganda ya Susitna na Yentna, hupanda milima ya Alaska Range hadi kipenyo cha Rainy Pass, hushuka kwenye korongo la Dalzell, hupita Rohn, Nikolai na McGrath, kisha huenda kuukamata mto Yukon, huufuata, huuacha pale Kaltag na kukata kuelekea Bahari ya Bering hadi Nome. Ni kilomita zipatazo 1,600. Ndiyo njia ya yale mashindano maarufu ya mbwa yanayofika Nome tangu 1973, na kipande chake cha mwisho ndicho kilichopitisha dawa ya dondakoo mwaka 1925, ikikabidhiwa kutoka sleji hadi sleji. Baiskeli zilianza kushindanishwa huko mwaka 1987. Siku hizi mashindano yao huitwa Iditarod Trail Invitational, huanza mwishoni mwa Februari, wiki moja hivi kabla ya mbwa, na wengi huishia McGrath. Waandaaji hawaweki alama njiani wala hawapitishi gari la kuokota waliochoka. Barabara ya gari haipo.

Ila baiskeli ilifika Nome mapema zaidi ya hapo. Dhahabu ilipoonekana kwenye mchanga wa ufuko wa Nome mwaka 1899, wachimbaji waliokuwa Dawson, upande wa Kanada, walitaka kuwahi kabla ya meli za kiangazi. Wenye mbwa walipanda sleji. Wasiokuwa na mbwa walitembea. Wachache walipanda baiskeli na kuufuata mto Yukon juu ya barafu, safari ya zaidi ya kilomita 1,600, wakitumia magurudumu membamba ya zama zile ndani ya mfereji uliochimbwa na sleji. Ed Jesson aliondoka Februari 1900. Alikuta mafuta yameganda ndani ya beringi na mpira wa matairi umekakamaa, lakini alikuwa na faida moja ambayo wenye mbwa waliiona upesi: baiskeli haili. Jioni mwenye mbwa anapika samaki na kuangalia nyayo za wanyama wake moja moja, mwenye baiskeli ameshalala. Max Hirschberg, kijana wa miaka 20 hivi, aliondoka Dawson tarehe 2 Machi mwaka huohuo. Huyo nitamrudia tukifika pwani.

Baada ya wale, ujuzi ukalala kwa miongo kadhaa. Ulipoamka, tatizo lilikuwa upana. Waendeshaji wa miaka ya 1980 walijaribu kuunganisha rimu mbili kwa gurudumu moja ili wavishe matairi mawili sambamba, chombo kizito kama kinavyosikika. Simon Rakower, fundi wa Fairbanks, alitengeneza rimu ya milimita 44, karibu mara mbili ya rimu za kawaida za wakati ule, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa gurudumu la msimu wa baridi. Upana wa kweli ulitoka kusini. Huko New Mexico, Ray Molina alikuwa anataka kuendesha baiskeli kwenye mchanga wa jangwani na mabonde makavu, akatengeneza rimu na matairi mapana kuliko yote yaliyokuwapo. Watu wa Alaska walipoyaona mwishoni mwa miaka ya 1990 walielewa mara moja, maana theluji ya baridi kali sana haitelezi. Punje zake ni kavu, zinasuguana, zinalia chini ya kiatu, na gurudumu linazitambua kama mchanga. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ikatoa Pugsley, baiskeli ya kiwandani yenye tairi la inchi 3.7, na mtu asiyekuwa na rafiki mchomeleaji akaweza kununua kitu dukani.

Pugsley ilikuwa na ufundi mmoja ninaoupenda kuliko mengine yote katika habari hii. Katika baiskeli nyingi gurudumu la mbele na la nyuma ni watu wawili tofauti. Habu zao hazilingani. Kwenye Pugsley zililingana. Basi mwendeshaji aliyeijua Alaska aliweza kufunga gia moja isiyotegemea friwili kwenye gurudumu la mbele, mahali ambapo haina kazi yoyote, akaibeba safari nzima. Friwili ndicho kile kifaa cha nyuma kinachotoa mlio wa tiki-tiki unapoacha kukanyaga. Ndani yake mna vijino vidogo vinavyosukumwa na springi kukamata. Grisi ikiganda, vijino vinalala na havinyanyuki. Unakanyaga, mnyororo unazunguka, gurudumu limetulia. Ukiwa kilomita 80 kutoka kwenye paa la karibu, hiyo ni habari mbaya. Mwenye Pugsley alifungua magurudumu, la mbele akalipeleka nyuma, la nyuma likaja mbele, akaendelea na safari kwa gia moja. Kipuri alikuwa amekikalia muda wote. Wengine husafisha friwili nyumbani, huondoa grisi yote ya kiwandani na kutia mafuta mepesi. Nao ni ujuzi, ila hauna ucheshi ule.

Mambo ya aina hii ni mengi, na hakuna hata moja linaloonekana kwenye picha ya mshindi. Pedeli huwa bapa, bila kile chuma cha kunasa kiatu, kwa sababu chuma kwenye soli hunyonya joto la mguu na kiatu chenyewe ni buti kubwa. Jiko la mafuta hupendelewa kuliko la mtungi mdogo wa gesi, kwa vile gesi hiyo kwenye baridi kali hukataa kutoka. Kila zipu hufungwa kamba ndefu ili ivutike bila kuvua glavu. Chokoleti hukatwa vipande vidogo kabla ya safari. Nzima ikiganda huvunja jino. Maji huvaliwa mgongoni chini ya nguo, na kila baada ya kunywa mtu hupuliza ndani ya mrija kuyarudisha, la sivyo mrija unaziba kwa barafu kabla ya kiu ya pili. Pembeni mwa usukani hufungwa mifuko minene ambayo mikono huingizwa humo, hivyo anayeendesha anaweza kuvaa glavu nyembamba na vidole vikabaki na akili zao.

Nimesema upepo, sasa jasho. Sisi tuliozaliwa kwenye joto tunalijua jasho kwa kuwa linapoza mwili, tunalilaumu kwa sababu ya shati tu. Alaska nako linapoza, tatizo ni kwamba halijui kuacha. Maji hupitisha joto mara zaidi ya ishirini kuliko hewa tulivu. Mtu anayepanda mlima kwa nguvu atalowa ndani ya nguo zake, atajisikia vizuri, ataona fahari, kisha atafika juu, atasimama kula, na katika dakika kumi nguo zilezile zitaanza kumnyang'anya joto. Manyoya ya bata ndani ya koti yakilowa hushikana na kuacha kutunza joto. Hakuna jua la kuyakausha.

Kwa hiyo waendeshaji hodari wa njia ile huenda polepole kuliko uwezo wao. Hili ndilo lililonishika tangu nianze kuusoma mchezo huu. Kwenye lami tunamtukuza anayejimaliza. Hapa mtu mwenye mapafu ya kushinda mbio yoyote hupanda kilima akijizuia, akisikiliza mgongo wake mwenyewe. Huanza safari akiwa anasikia baridi kidogo, maana anajua dakika kumi za kukanyaga zitamfikisha panapostahili. Kabla ya mwinuko, si baada, hufungua zipu ya shingo, hupandisha kofia juu ya masikio, huvua tabaka moja. Kileleni, kabla hajajisikia vibaya, amekwisha kulirudisha. Anayengoja kusikia joto ndipo avue amechelewa, na anayengoja kusikia baridi ndipo avae amechelewa zaidi. Kuna wanaovaa mfuko usiopitisha unyevu kati ya soksi nyembamba na soksi nene: mguu utalowa, na hilo wamelikubali, lakini unyevu hautafika kwenye kiatu, na kiatu kikavu ndicho kinachookoa vidole. Wengine hulala hivyohivyo, wakiwa ndani ya mfuko wa aina hiyo wenye ukubwa wa mwili, kwa sababu mvuke wa mtu aliyelala huingia kwenye begi la kulalia na kuganda humo, usiku baada ya usiku, hata begi linakuwa zito na halikunjiki.

Kujizuia huko ni kazi ngumu kuliko kukazana. Mwili unaomba kuchangamka, jirani amekupita, giza linaingia, na wewe unatakiwa upunguze.

Kisha kuna kusukuma. Upepo ukivuma au theluji mpya ikianguka, tairi la inchi tano nalo hushindwa, na mtu hushuka akasukuma baiskeli yenye mzigo saa baada ya saa, wakati mwingine siku baada ya siku. Wanaotaka kuona shujaa juu ya siti hufadhaika hapa. Mimi naona ndipo hodari anapojulikana. Amechagua buti akijua atatembea. Mizigo ameifunga chini na katikati ili baiskeli isimwangukie ubavuni. Naye ana uamuzi wa kufanya ambao hauna fomula: aendelee kusukuma usiku huu kwa mwendo wa kilomita tatu kwa saa, au alale saa sita, baridi ya usiku iigandishe njia baada ya pikipiki za theluji za wanakijiji kupita juu yake, kisha apande na kwenda mara tatu ya mwendo ule? Kulala kunaweza kuwa ndiyo njia ya kufika mapema. Kunaweza pia kumkuta asubuhi chini ya theluji nyingine ya sentimita 30. Wazoefu husoma mawingu, kipimajoto na sauti ya theluji, na bado hukosea.

Kwenye mito kuna hatari inayotisha kuliko baridi yenyewe. Barafu ikishuka kwa uzito wa theluji au mto ukizibwa chini, maji hupenya kwenye nyufa na kutandaa juu ya barafu, yakijificha chini ya theluji iliyo safi machoni. Baiskeli huingia, mguu ukashuka kujizuia kuanguka, na buti limejaa maji katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Waliojiandaa hubeba mifuko mirefu ya miguuni isiyopitisha maji na huivaa wakiona rangi ya theluji imekuwa kijivu kidogo. Wasiojiandaa wana dakika chache za kuwasha moto, kwa vidole ambavyo vimeanza kugoma.

Lakini si kweli kwamba mtu huyu yuko peke yake kama simulizi nyingi zinavyopenda kusema. Njia anayoipita ilikuwa ya Waathabaska na Wainupiat kabla ya wachimbaji kuikuta, na mpaka leo inashikiliwa na watu wanaokwenda kuwinda, kuvua chini ya barafu na kutembeleana. Pasipo pikipiki zao kushindilia theluji, kusingekuwa na kitu cha kuendeshea tairi. Kulungu wakubwa wa huko, warefu kuliko farasi, nao wanalijua hilo: theluji nje ya njia inawafika tumboni, hivyo husimama katikati ya njia na hawapishi. Mwendeshaji husubiri. Na sleji za mbwa zikimfikia kwa nyuma, ni yeye anayetoka, anaiburuta baiskeli kwenye theluji ya kiunoni na kusimama kimya hadi zipite.

Mwaka 2014 theluji ilikuwa haba. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa barafu ngumu na udongo mtupu ulioganda, na Jeff Oatley wa Fairbanks alifika Nome kwa siku 10 na saa chache, mwendo ambao kabla yake haukudhaniwa. Mwaka huohuo Dallas Seavey alishinda mashindano ya mbwa kwa siku 8 na saa 13. Tofauti ya siku moja na nusu hivi kati ya mtu mmoja na kundi zima la mbwa waliozaliwa kwa kazi hiyo! Watu hutaja muda wa Oatley kana kwamba ni miguu tu. Njia ngumu humpa kila mtu kasi, na kasi juu ya barafu huleta anguko, mfupa na vifaa vilivyovunjika. Yeye alifika na baiskeli inayotembea.

Kutoka Kaltag hadi kijiji cha Unalakleet hewa hubadilika. Nyuma kuna misitu ya misonobari myembamba inayozuia upepo. Mbele kuna pwani isiyo na mti. Kati ya vijiji vya Shaktoolik na Koyuk njia hupita juu ya bahari iliyoganda ya Norton Sound, na upepo wa huko huweza kumwangusha mtu aliyesimama. Hapa matairi manene yanageuka mzigo: barafu tupu inataka misumari midogo kwenye mpira, na ubavu mpana wa baiskeli iliyobeba mabegi unaukinga upepo wote. Hema halisimami. Pumzi huganda kwenye kitambaa cha uso hadi kinakuwa gamba. Mtu hupanga kuvuka kwa saa za upepo mdogo, kama zipo, na asipozipata hungoja kijijini na kula.

Hirschberg alifika pwani hii wakati mbaya kuliko wote, mwezi Mei, barafu ikiyeyuka. Kwenye mto Shaktoolik alitumbukia akachukuliwa na maji yenye vipande vya barafu, nusura afe, na mfuko wake wa vumbi la dhahabu ukabaki humo. Alitoka na baiskeli. Karibu na mwisho wa safari mnyororo ukakatika, na mnyororo wa kubadilisha hakuwa nao. Upepo ulikuwa unavuma kwa nyuma, ukielekea Nome. Akavua koti lake zito, akalinyoosha kwa fimbo likawa tanga, akakaa kwenye siti, na baiskeli isiyo na mnyororo ikasukumwa juu ya barafu ya bahari. Aliingia Nome tarehe 19 Mei 1900, baada ya wiki 11 za njiani.